Keto baada ya mwaka wa kwanza: vipimo vinasema nini

Wiki mbili za mwanzo za keto, yaani ulaji wa wanga kidogo sana na mafuta mengi, humfurahisha karibu kila anayeijaribu. Mizani inashuka kilo mbili, tatu, na nguo inalegea kiunoni. Sehemu kubwa ya kilo hizo ni maji. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, kama gramu 500 kwa mtu mzima, na kila gramu hushika takriban gramu tatu za maji. Akiba ikiisha, maji yale huishia chooni, na kuanzia hapo mafuta hupungua polepole. Ushuhuda mwingi unaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp ni wa kipindi hicho cha mwanzo. Wagonjwa wanaokuja kwetu kliniki ya lishe wanauliza kuhusu mwaka wa pili na wa tatu, na huko ndiko nataka tuangalie.

Kwanza tuelewane. Keto ni kula wanga usiozidi gramu 50 kwa siku, na wengi hushuka hadi 20. Ugali uliosongwa kwa gramu 150 za unga wa mahindi una zaidi ya gramu 100 za wanga, kwa hiyo sahani moja tu inavunja hesabu ya siku mbili. Wanga ukikosekana, ini huyeyusha mafuta na kutengeneza ketoni, na ubongo na misuli hutumia hizo kama nishati.

Kumbukumbu za miaka mingi zaidi kuhusu ulaji huu zimetoka kwa watoto wenye kifafa. Mwaka 1921 Dkt. Russell Wilder wa Mayo Clinic, Marekani, alipendekeza ulaji huu kama tiba yao, na mpaka leo hutumika pale dawa zinaposhindwa. Ni kazi ngumu. Katika kiwango kikali, kila gramu moja ya protini na wanga kwa pamoja huendana na gramu nne za mafuta. Mama hupima kiini cha yai, siagi na krimu kwenye mizani ndogo ya jikoni, gramu kwa gramu, kisha hukwangua bakuli mpaka mafuta yote yaingie kinywani mwa mtoto. Matokeo yanastahili jasho hilo: katika utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2008, asilimia 38 ya watoto waliopewa tiba hii walipungukiwa degedege kwa zaidi ya nusu, dhidi ya asilimia 6 ya wale ambao hawakuwa wameianza.

Lakini madaktari wa Johns Hopkins waliwafuatilia watoto 28 waliokula hivyo kwa miaka 6 hadi 12, na taarifa yao ya 2006 ni ya kusoma kwa utulivu. Watoto 24 walipungukiwa degedege kwa zaidi ya asilimia 90. Hata hivyo 23 walikuwa wafupi mno kwa umri wao, saba walipata mawe kwenye figo, na sita walivunjika mifupa. Baadhi ya dawa za kifafa nazo hudhoofisha mifupa, na kiwango chao cha mafuta kilikuwa kikali kuliko cha mtu anayepunguza tumbo, hivyo siwezi kuhamisha hesabu hizo moja kwa moja kwa mtu mzima. Ninachochukua ni hiki: figo na mifupa vinahitaji kuangaliwa. Mzazi wa mtoto anayeanguka mara kadhaa kwa siku ana sababu ya kuikubali hatari hiyo. Kijana mwenye afya anayetaka kupunguza kilo tano hana.

Kwa watu wazima, faida ya uzito hupungua kadiri muda unavyokwenda. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliochapishwa 2018 uliwagawa watu 609: kundi moja lilipunguza wanga, jingine lilipunguza mafuta. Baada ya mwaka, la kwanza lilikuwa limepungua wastani wa kilo 6.0 na la pili kilo 5.3, tofauti ndogo isiyoweza kuthibitisha kwamba njia moja inaizidi nyingine.

Kwenye kisukari aina ya pili nina matumaini zaidi. Huko Indiana, Marekani, watu 262 walichagua keto wakisimamiwa kwa karibu, na 194 walikuwa bado wamo baada ya miaka miwili. Wastani wa HbA1c, kipimo cha sukari cha miezi mitatu, ulishuka kutoka 7.6 hadi 6.7, na waliokuwa wakidunga insulini wakapungua kutoka karibu asilimia 30 hadi 11. Walijichagua wenyewe, na nyuma yao kulikuwa na daktari anayepunguza dawa kila sukari iliposhuka.

Huyo daktari ndiye anayekosekana kwa wengi wetu. Mtu anayetumia insulini au glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, akiacha wanga ghafla huku dozi ikibaki ileile, sukari inaweza kushuka mpaka azirai. Anayetumia dapagliflozini au empagliflozini, dawa nyingine za kisukari, asianze keto kabisa bila kumwona daktari wake, kwa sababu asidi ya ketoni inaweza kujaa kwenye damu hata kama mashine ya kidole inaonyesha sukari ya kawaida. Kutapika, tumbo kuuma na kuhema kwa nguvu ni dalili za kukimbilia hospitali usiku huohuo. Wajawazito na wanaonyonyesha waiache.

Kuhusu moyo, kinachoamua ni kile kilichochukua nafasi ya ugali. Baadhi ya watu hupandisha LDL, lehemu (kolesteroli) mbaya ya kwenye damu, kwa kiwango kikubwa, na hawajisikii chochote. Utafiti mwingine wa Marekani wa 2018, uliofuatilia zaidi ya watu wazima 15,000 kwa takriban miaka 25, ulikuta waliokula wanga kidogo na nyama nyingi walikufa mapema zaidi. Waliojazia vyakula vya mimea walifanya vizuri zaidi. Wachache sana kati yao walikuwa kwenye keto kamili, lakini mwelekeo huo unanitosha kushauri sahani ya parachichi, karanga, korosho, mchicha, dagaa na samaki, badala ya soseji na nyama ya mafuta kila siku. Mboga hizo pia ndizo zinazookoa watu na choo kigumu, kero ya kila siku ya wanaokula nyama na mayai matupu.

Pima lehemu, figo na HbA1c kabla ya kuanza, kisha baada ya miezi mitatu, halafu angalau kila mwaka. Na usijifunge maisha: hata watoto wa kifafa, wengi wao huachishwa baada ya miaka miwili hivi, taratibu kwa wiki au miezi. Ukitaka kurudi kwenye wanga, anza na kunde au maharage nusu kikombe, subiri wiki moja ukiangalia sukari, ndipo uongeze dona au kiazi kitamu.