Nywele za Kirumi zilishonwa, hazikubanwa kwa pini

Msimu wa maigizo ya Pasaka ukikaribia, ombi huwa lile lile: nywele za mwanamke wa Kirumi. Mteja anakuja na picha ya sanamu ya marumaru kwenye simu, imepigwa kwa mbele tu, na pakiti mbili za pini mkononi. Anaamini pini ndizo zilizoushika ule mnara wa misuko. Tunaeleza, anaitikia, na wiki inayofuata anakuja mwingine na pini zake. Basi tuyaandike.

Dhana: “Mitindo ya Kirumi ilishikwa na pini nyingi”

Hii ndiyo inayoharibu kazi kuliko zote.

Pini za nywele za Warumi zimejaa kwenye majumba ya makumbusho: za mfupa, za shaba, chache za dhahabu. Zitazame vizuri. Kila moja ni kijiti kilichonyooka, nyingi zikiwa na urefu wa kati ya sm 5 na 10 hivi, kichwa kimenakshiwa, ncha imechongoka. Hazina miguu miwili wala chuma kinachorudi kubana. Kibanio tunachokijua sisi kilienea miaka ya 1920, wanawake wa Ulaya na Marekani walipoanza kukata nywele fupi. Kijiti kimoja hushika kwa msuguano tu. Kikipita kwenye fundo la kisogoni na kuzama kwenye nywele za chini yake, kinakaa. Huko York, Uingereza, lilipatikana kaburini fundo la nywele za msichana wa enzi ya Warumi likiwa bado na pini zake mbili nyeusi. Ni fundo dogo, na pini mbili zilitosha.

Sasa chukua kijiti hicho ukitwishe misuko iliyozungushwa utosini kama ya Faustina Mkubwa, mke wa Kaisari Antoninus Pius. Mvaaji akiinama mara chache, pini zinaanza kutembea. Unaongeza nyingine, nazo zinazisukuma za kwanza. Kabla onyesho halijaisha mnara umelala upande mmoja, na ngozi ya kichwa imechubuka.

Kilichobeba uzito ule ni sindano na uzi. Aliyelionyesha jambo hili wazi ni msusi, Janet Stephens wa Baltimore, Marekani. Mwaka 2001 aliona katika jumba la makumbusho la Walters sanamu ya Julia Domna, mke wa Kaisari Septimius Severus, imewekwa mbali na ukuta hata kisogo kikaonekana. Kwa jicho la kazi yake aliona kwamba zile ni nywele zinazoweza kutengenezwa kichwani, akaanza kuijaribu mitindo hiyo kwa watu hai, na mwaka 2008 matokeo yake yakachapishwa katika jarida la wanaakiolojia wa Roma. Kwa wasomi lilikuwa jambo geni. Msusi wa Kariakoo asingeshangaa, kwa sababu kila siku anashonea nywele za bandia juu ya mabutu kwa sindano na uzi. Inauma kuona watu wenye ujuzi huu mikononi wakiuacha mlangoni wanaposikia neno “Roma”, wakakimbilia pini na kopo la dawa ya kupuliza.

Namna ya kushona ni hii. Tafuta sindano ya sm 7 hivi yenye ncha butu na tundu pana. Ya mfupa inapendeza, ya chuma ya kufumia sweta inafanya kazi. Uzi uwe wa sufu, wa rangi ya nywele, urefu wa sm 60 kwa mara moja. Ukizidisha hapo utajisokota wenyewe. Usitumie nailoni. Inateleza, fundo lake linafunguka, na ikikazwa inakata nywele. Sufu ina vinyweleo vinavyong’ang’ania.

Kwa mtindo wa Faustina Mkubwa, piga njia katikati kutoka paji la uso hadi utosini, kisha njia ya pili kutoka sikio hadi sikio. Nywele za mbele zilaze kwa mawimbi, zifunike ncha za juu za masikio, zielekee nyuma. Za nyuma zisuke misuko ya kawaida ya mikono mitatu, sita au nane kulingana na wingi wake, uipandishe yote utosini. Mzunguko wa kwanza ndio msingi, na hapa ndipo wengi wanapokosea: wanashonea kwenye fungu la nywele zilizo huru, nalo linavutika hadi mzunguko wote unalegea. Shonea kwenye mashina ya misuko. Pitisha sindano katikati ya shina, funga fundo mara mbili, kisha shona kila baada ya sm 2: sindano iingie chini ya ukingo wa mzunguko, ishike shina, itokee katikati ya msuko. Vuta mpaka uzi uzame kati ya mikono ya msuko, uishie hapo. Ukiona ngozi ya kichwa inainuka, umekaza mno, na mvaaji atapata maumivu ya panja kabla hajafika jukwaani. Mzunguko wa pili shonea juu ya wa kwanza, wa tatu juu ya wa pili. Mwisho wa uzi uache mkia wa sm 3, uufiche chini ya mnara. Atakayefumua aanzie hapo, kwa mkasi wenye ncha butu, akikata uzi anaouona tu.

Mwenye nywele za kipilipili ana msingi bora kuliko wote. Suka mabutu yanayopanda utosini, shonea juu yake misuko ya nywele za bandia zisizong’aa. Nywele zinazong’aa huonekana plastiki chini ya taa, na hazishiki pini hata kidogo.

Na kabla hujashika chanuo, tafuta picha ya kisogo cha sanamu. Picha ya mbele haikuonyeshi nywele zinakwenda wapi, na ukikisia mwanzo wa msuko, hata mwisho wake utaukisia.

Dhana: “Yale yalikuwa mawigi tu”

Mawigi yalikuwapo. Washairi wa Roma wanataja nywele za mateka wa Kijerumani zikivaliwa na wanawake wa mjini, na baadhi ya sanamu zina nywele za marumaru zilizochongwa kando. Lakini mitindo mingi inatoka kwenye nywele za mtu mwenyewe zikiwa ndefu za kutosha, na nywele zinazofika kiunoni zinatosha kwa karibu yote. Ukivaa wigi, lishonee kwenye mabutu, usilibane.

Dhana: “Mwanamke wa Kirumi ni mwanamke wa Kirumi”

Hapa maigizo yanakosea sana. Sura za wake wa makaisari zilipigwa kwenye sarafu, kwa hiyo mtindo wa kila kizazi unajulikana. Lile vimbe la nywele juu ya paji la uso ni la Livia na Octavia, mke na dada wa Kaisari Augusto. Ukuta mrefu wa vipete vya mbele ni wa mwisho wa karne ya 1 na mwanzo wa ile ya 2. Pilato alitawala Yudea kuanzia mwaka 26 hadi 36. Mke wake akivikwa ukuta ule, amevaa mtindo wa kizazi kisichokuwa kimezaliwa. Mpe njia katikati, mawimbi mepesi kando, nywele zilizofungwa chini kisogoni, kama anavyoonekana Antonia Mdogo, binti wa Octavia, kwenye sanamu zake. Kwa anayejua kusuka, ni kazi nyepesi.

Dhana: “Bibi harusi wa Roma alivaa shela jeupe”

Vazi lake lilikuwa jeupe, lakini shela lilikuwa la rangi ya moto, manjano inayoelekea machungwa. Mavazi meupe ya harusi yalishika kasi Ulaya baada ya ndoa ya Malkia Victoria mwaka 1840.

Dhana: “Nywele ziwe zimeoshwa siku hiyo hiyo”

Hapana. Nywele ndefu laini zilizotoka kuoshwa na kulainishwa zinateleza sindanoni na misuko inafumuka. Zioshwe siku mbili kabla, bila dawa ya kulainisha, na zipakwe mafuta kidogo wakati wa kusuka.

Dhana: “Mtandio wowote, ukifungwa chini ya kidevu, unatosha”

Mwanamke wa Kirumi alivuta sehemu ya vazi lake la juu likapanda kichwani. Halikufungwa kidevuni wala kuzungushwa shingoni kama ushungi. Liliachwa wazi pande zote mbili za uso, likaangukia mabegani. Kanga moja haitoshi. Tafuta kitambaa cha sufu nyepesi au kitani cha m 3 kwa m 1.5 hivi. Poliesta itateleza kila mvaaji anapogeuka.

Kinachokizuia kisianguke ni nywele zenyewe. Mnara au fundo lililoshonwa vizuri linakibeba kwa nyuma. Kwa igizo lenye mwendo mwingi, zungusha utepe wa sufu kichwani kabla ya kufunika, uushonee kwenye nywele sehemu nne, kisha ushike kitambaa kwenye utepe huo kwa mishono miwili, mmoja kila upande juu ya masikio. Pini ya mfupa ichomeke mwisho kabisa, kwenye fundo la nyuma, iwe pambo.