Umebadilisha ekzosi na chujio la hewa? Sasa kabureta inakudai

Mwezi uliopita kijana mmoja kutoka Chunya alinijia gereji hapa Mbeya na pikipiki ya Kichina ya cc 150, zile za ukoo wa Honda CG125. Muundo huo ulitoka mwaka 1976 na mpaka leo nakala zake ndizo zinazobeba abiria, magunia na madumu karibu kila kona ya nchi. Yake ilikuwa imefanyiwa mambo mawili. Ekzosi ya kiwandani imetolewa, pamewekwa bomba fupi la wazi. Boksi la hewa lililo chini ya kiti nalo limeng'olewa, na mdomoni mwa kabureta kimefungwa chujio kidogo cha koni.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Inasumbua nini?"

"Ukianza kuvuta mafuta inasita. Ukiachia mteremkoni inapasua kama bunduki. Asubuhi bila choki haiwaki, na ukirudisha choki inazima. Halafu inakunywa mafuta balaa."

Ukiwa fundi, malalamiko hayo yasikilize tena polepole. Matatu ya kwanza ni ya injini yenye njaa: hewa nyingi, petroli kidogo. La nne ni la injini inayolishwa kupita kiasi. Pikipiki moja, siku moja, inaumwa magonjwa mawili yanayopingana. Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea, tunachagua ugonjwa mmoja, tunautibu, na kuuacha mwingine unaendelea.

Nieleze kwanza kilichotokea pale boksi lilipotoka. Ili petroli iungue vizuri inahitaji takriban gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu 1 ya petroli. Injini inayovuta mlima kwa nguvu zote hupenda petroli izidi kidogo, kwenye 12.5 hadi 13 kwa 1. Kabureta haina akili ya kupima hayo. Inachofanya ni kuacha hewa ipite kwa kasi kwenye koo lake jembamba. Presha pale kooni inashuka, na petroli iliyo kwenye bakuli inanyonywa kupitia matundu ya jeti, vile vipande vidogo vyenye tundu la kupimia petroli. Sasa lile boksi na bomba lake la mpira vilikuwa vinaibana hewa kidogo, na mbano huo ulikuwa unaisaidia kabureta kunyonya petroli. Ukivitoa unapata hasara mara mbili: hewa inaingia nyingi zaidi, na mnyonyo unaoinua petroli unapungua. Ndiyo maana nasema kuondoa boksi la hewa kunaivuruga kabureta kuliko kubadilisha ekzosi. Ekzosi peke yake, kama bado ina kizuia sauti ndani, mara nyingi haihitaji kitu, au inahitaji jeti kubwa zaidi kwa hatua moja tu. Vyote viwili kwa pamoja ni kazi nyingine.

Na ekzosi ya wazi ina tatizo lake kwa mwenye pikipiki: inamdanganya sikio. Kelele imeongezeka, anadhani na nguvu imeongezeka.

Nilifungua plagi. Kauri inayozunguka ncha ya kati ilikuwa na masizi meusi makavu. Kwa plagi ile peke yake ningesema mafuta yamezidi, nipunguze. Nikafungua bakuli la kabureta. Jeti ndogo, ile ya sailensi, yaani injini ikinguruma taratibu bila kuvutwa mafuta, ilikuwa bado ya kiwandani, namba 35. Jeti kubwa ilikuwa imepigwa chapa 100, lakini nilipoishika juu kwenye mwanga tundu lake halikuwa duara tena. Lilikuwa na umbo la yai, na ukingoni palikuwa na mkwaruzo unaong'aa. Kuna mtu aliingiza waya mgumu akalipanua.

Kwa hiyo magonjwa yote mawili yalikuwa ya kweli. Chini, mafuta yamepungua kwa sababu jeti ndogo haikuguswa. Juu, mafuta yamezidi kwa sababu tundu kubwa limetobolewa kwa kukisia.

Jambo la kushika ni kwamba kabureta ya namna hii ina njia kadhaa za petroli, na kila njia inatawala sehemu yake ya mkono wa mafuta, ule unaousokota kuongeza kasi. Kuanzia sailensi hadi kama robo ya mkono, mwenye usemi ni jeti ndogo pamoja na skrubu ya mchanganyiko. Kati ya robo na robo tatu ni sindano inayopanda na kushuka na slaidi, kile kizibo kinachovutwa na mkono wa mafuta. Kuanzia robo tatu hadi mkono ulioisha ni jeti kubwa. Mipaka hiyo inaingiliana, haikukatwa kwa kisu, lakini inatosha kukuonyesha uguse wapi. Pikipiki inayosita robo ya mkono haiponi kwa jeti kubwa, hata uweke tundu la kupitisha njiti ya kiberiti.

Kabla ya kununua jeti nafanya usafi na ukaguzi, na hapa sifichi, nusu ya kazi za "kurekebisha kabureta" zinaishia hapa. Jeti zisafishwe kwa dawa ya kabureta na upepo wa kompresa, kamwe si kwa waya. Boya, linaloshika kiwango cha petroli bakulini, liwe kwenye kimo chake. Valvu ziwe na nafasi sahihi. Mpira na gasketi kati ya kabureta na injini visiwe vinavuta hewa: injini ikiwa sailensi, nyunyizia maji ya sabuni kwenye kiungo, mlio ukibadilika, pana upenyo. Na ile milipuko ya mteremkoni, angalia kwanza gasketi ya ekzosi pale inapoungana na hedi. Ikivuja, inavuta hewa safi na petroli iliyobaki inawakia humo ndani ya bomba. Ya kijana huyu ilikuwa imebana vizuri.

Sasa namba. Kwenye jeti nyingi za Keihin, mmoja wa watengenezaji wa kabureta, namba inafuata kipenyo cha tundu kwa mia za milimita, yaani 100 ni karibu milimita 1.00. Jeti nyingi za Mikuni, mtengenezaji mwingine, hupimwa kwa kiasi cha petroli kinachopita, kwa hiyo 100 ya huku si 100 ya kule, usichanganye. Na kumbuka petroli inapita kwenye eneo la tundu, na eneo linakua haraka kuliko kipenyo. Kutoka 100 kwenda 105 unasikia kama ni asilimia 5, lakini eneo limeongezeka kwa kama asilimia 10. Kwenda 110 ni asilimia 21. Aliyepanua kwa waya anaweza kuwa ameruka hatua tano bila kujua, na hakuna kurudi. Tundu lililokwaruzwa pia halitiririshi petroli sawasawa, hata kipenyo kikibahatika kuwa sahihi.

Nilinunua 105, 108 na 110, na jeti ndogo ya 38. Jeti za kwenye kit za bei nafuu nazilinganisha na ninayoiamini, natazama matundu kwenye mwanga, maana chapa ya juu wakati mwingine haiafiki tundu la chini.

Naanza na jeti kubwa. Kwenye mkono wa mafuta nabandika kipande cha utepe wa karatasi na kuchora alama: sifuri, robo, nusu, robo tatu, mwisho. Bila alama hizo unakisia, kwa sababu kila mpanda pikipiki anaamini nusu yake ni nusu. Injini ipate moto, dakika kumi za kuendesha, kisha naitafutia mlima usio na magari. Si Mlima Nyoka wala Iwambi, kule malori yanatosha kukuua. Gia ya tatu, mkono mpaka mwisho. Ikiwa inavuta, narudisha kidogo sana, kama sehemu moja ya nane. Injini ikichangamka pale unaporudisha, jeti kubwa ni ndogo, ina njaa. Ikigugumia na kunguruma kwa uzito mkono ukiwa umeisha, petroli imezidi.

Na 105 ilichangamka nilipoachia. Na 110 iligugumia. 108 ilivuta mpaka juu bila maneno. Nikarudia na 108, mkono ukiwa umeisha nikashika klachi na kuzima injini palepale, nikaiacha iserereke hadi pembeni, nikafungua plagi mpya niliyokuwa nimeifunga. Ukizima baada ya kurudi sailensi, plagi itakusomea sailensi, haitakusomea mlima. Petroli ya siku hizi isiyo na madini ya risasi haipaki rangi haraka, kwa hiyo usitegemee mkimbio mmoja. Unachotaka ni rangi ya chai ya maziwa. Ikiwa nyeupe kama chokaa, petroli ni kidogo mno: simama, usiendelee kuendesha.

Jeti ndogo nilipima kwa skrubu. Hapa angalia skrubu iko upande gani. Ikiwa upande wa chujio, inatawala hewa: ukiibana unaongeza utajiri wa mafuta. Ikiwa upande wa injini, inatawala mafuta yenyewe: ukiifungua ndipo unaongeza. Ya huyu ilikuwa ya mafuta. Naibana taratibu hadi iguse, bila nguvu, kwa sababu ncha yake inavunjika kirahisi, kisha nafungua mzunguko mmoja na nusu, nawasha, na kuitafutia mahali sailensi inapopanda juu zaidi na kutulia. Na ile 35 ilikuwa bado inataka zaidi hata baada ya mizunguko mitatu. Huo ni ushahidi kwamba jeti ndogo ni ndogo mno. Na 38 ilitulia kwenye karibu mizunguko miwili. Kusita kukaisha pale pale, na mipasuko ya mteremkoni ikabaki ya mbali sana.

Sindano nikaiweka mwisho. Ilikuwa na mitaro mitano ya kushikia klipu inayoining'iniza, na klipu ilikuwa kwenye wa tatu. Nikaishusha klipu hadi wa nne kutoka juu, yaani sindano imepanda kidogo na kuruhusu petroli mapema. Nusu ya mkono ikawa laini. Kila badiliko nililifanya peke yake na kuliandika. Ukibadilisha viwili kwa pamoja hujui kipi kimeponya.

Kuna jambo la kwetu huku juu ambalo maelezo ya Dar es Salaam hayakuambii. Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, na hewa hapa ina uzito wa takriban asilimia 85 ya ile ya pwani. Kabureta hainyonyi petroli pungufu kwa kiwango hichohicho, kwa hiyo pikipiki iliyopangwa kwa ajili ya pwani, ikifika hapa, mafuta yake yamezidi kwa karibu asilimia 8. Ndiyo sababu mteja wa Mbeya anabadilisha ekzosi tu na pikipiki haimlalamikii: ile ziada ya mwinuko imelipia. Mwenzake wa Kigamboni, kule pwani, akifanya vilevile anaweza kupata kauri nyeupe. Na ukipanga kabureta Mbeya kisha ukashuka Kyela, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kwenye kama mita 500, mchanganyiko unakuwa mwembamba kwa asilimia 4 au 5 hivi, ukihesabu na joto la kule. Si mengi, lakini kama ulikuwa umeshaibana petroli mpaka mwisho, ndiyo inayochoma pistoni.

Nalisema hilo kwa uchungu kwa sababu ya mtindo mwingine ninaoukuta kwa vijana wa bodaboda: kuchomeka unyuzi mmoja wa waya wa umeme ndani ya jeti kubwa ili "kupunguza ulaji". Siku mbili tatu kweli anaona anaweka petroli kidogo. Lakini petroli inayoingia pia hupoza. Ikipungua, joto la chumba linapanda. Nimeshatoa pistoni yenye tundu katikati la kuingia kidole, na mwenyewe amesimama mlangoni, deni la pikipiki bado miezi minne. Hesabu ya pistoni, ringi na kutoboa silinda hailipwi na lita alizookoa.

Kijana wa Chunya nilimwambia ukweli mwingine. Vumbi la machimboni ni mchanga mkavu, na koni ile ya bei rahisi inapitisha mwingi. Nimemshauri arudishe boksi la hewa. Amesema atafikiria, ekzosi haiachi. Akirudisha boksi, 108 itakuwa kubwa, nitaanza kupima upya kutoka 102.

Jeti zake za zamani nimezifunga kwenye kimfuko cha plastiki na kukiweka chini ya kiti, na karatasi: 108, 38, klipu ya nne, mizunguko miwili, Mbeya. Ile iliyotobolewa nimeikunja kwa koleo kabla ya kuitupa, isije ikafungwa kwenye pikipiki ya mtu mwingine.