Kabla hujaniuliza bei ya gasketi ya hedi

Simu iliingia hata chai sijanywa. "Fundi, Scania yangu imechanganya. Niagizie gasketi ya hedi." Nikamuuliza, nani kasema ni gasketi? "Si nimekwambia imechanganya!" Basi, hukumu imetoka na shahidi hajaitwa. (Kwa mgeni: kuchanganya ni maji ya kupozea injini kuingia kwenye oili, na gasketi ya hedi ndiyo inayoziba kati ya injini na kichwa chake.)

Ndio msimu wake. Oktoba ikikaribia na minada ya korosho ikinukia, kila mwenye lori lililolala tangu msimu uliopita, kuanzia hapa Mtwara mjini hadi Masasi na Newala, anakumbuka kwamba ana lori. Anafyeka majani, anafukuza kuku kwenye kabini, anafungua mfuniko wa oili, na akiona weupe tu, gasketi. Mwaka huu nimechoka, naandika.

Weupe chini ya mfuniko peke yake hauthibitishi kitu. Injini iliyolala pwani hii, mchana joto, usiku umande, inatoa jasho ndani kama sufuria ya wali iliyofunikwa. Futa kwa kitambaa, uendelee.

Anayeniudhi zaidi ni yule wa upande wa pili: amechomoa kijiti cha kupimia oili, ameona oili nyeusi safi, anasema "haijachanganya hiyo, piga starta." Hapa twende polepole. Maji ni mazito kuliko oili. Lori linalotembea, kranki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, inakoroga vyote viwili, unapata uji. Lori lililolala miezi minane halina mkorogaji. Maji yanavuja tone kwa tone, yanatulia chini kabisa ndani ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na oili inahamia ghorofani. Kijiti chako kwa kawaida hakifiki chini kabisa, kwa hiyo umekagua ghorofa na kuacha nyumba. Angalia kimo, usiangalie rangi peke yake. Oili ikiwa imepita alama ya juu na hakuna aliyeongeza, jiulize, tangu lini oili ikazaa? (Inaweza kuwa dizeli iliyopenya kwenye pampu. Nusa, kisha ipapase kwa vidole, itakuwa nyepesi.)

Kwa hiyo starta iache. Legeza nati ya sampu taratibu bila kuing'oa, kinga chupa nyeupe. Kama kuna maji, yatatangulia yenyewe. Matone machache ni jasho. Lita mbili si jasho, hata ukiwa unaishi Mikindani mlangoni mwa bahari. Ukihisi oili bado imeyashika maji ndani yake, dondosha tone kwenye bati la moto, uso ukiwa mbali: ikitatarika kama mafuta yaliyotiwa dagaa mbichi, maji yamo. Nimesema bati. Kikaango cha watu kiache jikoni.

Halafu toa nozeli zote zinazopulizia dizeli, zungusha injini kwa spana kwenye nati ya puli ya mbele. Maji yaliyokaa juu ya pistoni hayabanwi. Ukipiga starta, kinachopinda ni konrodi, mkono unaoishika pistoni, na hapo gasketi uliyokuwa unaililia itaonekana sadaka. Maji yakiruka kwenye tundu la nozeli, silinda yenyewe imejitaja.

Sasa yametoka wapi? Sisemi gasketi haihusiki kamwe. Hata hiyo huliwa na kutu. Lakini lori liliingia uwanjani likiwa zima, halijachemsha, halijapoteza nguvu. Gasketi iungue usingizini kwa moto gani? Kinachokufa usingizini kwanza ni raba na chuma. Hizi Scania 113 zina laina, yaani mabomba ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka, zinazoguswa na maji moja kwa moja, na kule chini kinachoyazuia yasiingie sampu ni oringi, pete za raba. Mwenye lori mmoja anamwaga maji yote "kuitunza injini", raba inakauka. Mwenzake anaacha maji ya kisima yenye chumvichumvi, chuma kinaliwa. Wote wawili wanapigia simu kwangu.

Mtuhumiwa mwingine ni oili kula, chombo kinachopoza oili kwa maji, na jina lenyewe linatosha, maana akianza kuvuja anakula pesa. Huyu mjue kwa mwelekeo. Injini ikiwaka, oili ina presha ya baa tatu, nne, wakati maji kwa kawaida hayafiki hata baa moja na nusu. Kwa hiyo kula iliyotoboka inasukuma oili kwenye rejeta wakati injini inafanya kazi. Ukizima, presha ya oili inakufa, maji yaliyo juu yanapata nafasi ya kurudi sampu. Muulize dereva wa mwisho: kabla ya kuliegesha, rejeta ilikuwa na oili juu? Jibu lake ni nusu ya kazi. Gasketi ina tabia nyingine: mara nyingi inapuliza gesi, mipira ya rejeta inakakamaa injini ikiwa bado baridi, mapovu hayaishi.

Na tope la kahawia kwenye rejeta msiliite oili kabla hamjaliweka kwenye chupa usiku mmoja. Kutu hulala chini. Oili huelea.

Kisha pampu ya kupimia rejeta, presha isizidi iliyoandikwa kwenye mfuniko wake, sampu iwe imeshushwa, boksi jeupe chini, tochi mkononi. Angalia tone linakotoka. Kula itoe, izibe, ijaze upepo ndani ya beseni la maji. Usisahau kompresa ya breki. Nayo inapozwa na maji yale yale.

Sasa nikiri. Kipimo hiki kikiwa cha baridi kinanidanganya. Nimewahi kukaa saa nzima bila kuona tone, injini ikapata joto, likaja. Na kuna kinyume chake: laina iliyokuwa inadondosha, tukajaza maji tukaiacha siku nne, ikakauka yenyewe. Nadhani raba ilikunywa ikavimba. Je, imepona? Yule mwenye gari alisema imepona, nikamrudishia. Mpaka leo likipita barabara ya Mingoyo limepakia magunia nalisikiliza kwa wasiwasi.

Ile Scania ya simu ya mwanzo nimeifungulia nati jana. Yametoka maji ya kahawia, karibu lita tatu, ndipo oili ikafuata, nyeusi safi kama ya yule wa kijiti. Tone lilikuwa linatoka chini ya laina ya tano. Tulipoitoa, oringi zilivunjika mkononi kama ganda la karanga, na ubavu wa laina una vitobo vidogo ambavyo sikuvipenda, kwa hiyo nayo tunabadilisha. Na kwa kuwa laina haitoki bila kufungua hedi, gasketi mpya tutanunua kweli. Nimempigia kumweleza. Kanijibu, "Si nilikwambia ni gasketi?"