Je, bingwa wa Wimbledon wa mwaka 1951 alibahatisha?

Kuna imani ya muda mrefu kwamba Dick Savitt, Mmarekani anayetajwa kuwa mchezaji wa kwanza wa Kiyahudi kutwaa ubingwa wa tenisi wa Wimbledon kwa mmoja mmoja, mwaka 1951, alibahatisha tu, kwa kuwa mwaka uliofuata aliacha kushindana mara kwa mara akiwa na umri wa miaka 25 hivi, akaingia katika biashara ya mafuta.

Imani hiyo inaeleweka, kwani leo bingwa huacha mchezo mapema kwa kuumia au kuchoka. Hata hivyo, hadi mwaka 1968 mashindano makubwa ya tenisi yalikuwa ya wachezaji wa ridhaa, na mshindi hakupewa zawadi ya fedha, hivyo aliyetaka kipato alilazimika kutafuta kazi au kuhamia kwa wachezaji wa kulipwa, jambo lililomfungia milango ya Wimbledon. Isitoshe, mwaka huohuo wa 1951 alitwaa pia ubingwa wa Australia, na alipokuwa akicheza kwa nadra tu alishinda ubingwa wa Marekani wa viwanja vya ndani mwaka 1958 na tena 1961. Hiyo, kwa maoni yangu, si bahati.

Msomaji anaweza kujihakikishia kwa kusoma orodha za washindi mwaka kwa mwaka, bila kuchanganya mashindano ya viwanja vya ndani na yale ya nje, kisha kulinganisha maelezo ya vyanzo viwili visivyonakiliana.