Juan de Pareja: mtumwa wa Velázquez aliyeshika brashi yake mwenyewe

Sura yake ni maarufu kuliko jina lake. Diego Velázquez, mchoraji wa mfalme wa Hispania, alimchora Roma mwaka 1650: kola nyeupe, mkono kifuani, macho yasiyokwepa. Mwaka 1970 picha hiyo ilinunuliwa mnadani London kwa zaidi ya pauni milioni 2, ikaenda Metropolitan Museum, New York. Mwaka 2023 makumbusho hayo yakaandaa maonyesho ya Pareja mwenyewe, na mambo mengi yaliyokuwa yakisemwa juu yake yakaonekana hayana mashiko.

Dhana: alikuwa msaidizi tu wa Velázquez.
Alikuwa mtumwa. Tumezoea kuuweka utumwa wa zama zile ng'ambo ya Atlantiki, kwenye mashamba ya miwa. Lakini hata Hispania kwenyewe, hasa Sevilla, watumwa walifanya kazi katika karakana za wachoraji na za mafundi wengine.

Dhana: mfalme ndiye aliyempa uhuru.
Hadithi hii ilienezwa na Antonio Palomino, mwandishi wa maisha ya wachoraji wa Hispania, mwaka 1724. Pareja, anasema, alijifunza kuchora kwa siri, akaegemeza picha yake ukutani ikiwa imegeuzwa. Mfalme Felipe IV akaigeuza, akastaajabu, akasema mwenye kipaji kama hiki hastahili kuwa mtumwa. Ni tamu kusimulia. Ila hati yenyewe ya kumwachia huru ipo: Velázquez aliitia saini Roma, Novemba 1650, kwa sharti kwamba Pareja aendelee kumtumikia miaka minne mingine. Kwa hiyo alikuwa huru kamili mwaka 1654. Mfalme hayumo. Naona hadithi ya Palomino imedumu kwa sababu inaifunika ile miaka minne, nayo haimpendezeshi bwana yeyote.

Dhana: picha zake ni nakala za kazi za bwana wake.
Anayesema hivi hajaitazama picha yake ya Mathayo akiitwa na Yesu, ya mwaka 1661, mali ya makumbusho ya Prado, Madrid. Ina upana wa zaidi ya mita tatu, imejaa watu, vitambaa vya fahari na rangi zinazong'aa. Velázquez wa miaka ya mwisho alizibana rangi zake. Pareja alikwenda na wachoraji vijana wa Madrid waliopenda madoido. Halafu tazama ukingo wa kushoto. Yule mwanamume aliyesimama akitutazama ni Pareja mwenyewe, na karatasi mkononi mwake ina jina lake.

Dhana: amegunduliwa juzi.
Arturo Schomburg, mzaliwa wa Puerto Rico aliyekusanya vitabu na kumbukumbu za watu weusi huko Harlem, New York, alisafiri hadi Hispania mwaka 1926 kuzitafuta kazi za Pareja. Waandaaji wa 2023 waliyajenga maonyesho yao juu ya utafiti wake, na picha ya Mathayo aliyoifuata Madrid ikaletwa New York, karibu karne moja baadaye.