Ukifika Betatakin, tazama boriti

Wageni wengi wanaofika Navajo National Monument, kaskazini mwa Arizona nchini Marekani, huduwaa na ukubwa wa pango la Betatakin, kijiji cha kale kilichojengwa ndani ya mwamba, hupiga picha za kuta, kisha huondoka. Mimi kazi yangu ni kutafuta umri wa majengo ya kale kupitia pete za miti, kwa hiyo nakuomba utazame boriti zinazochomoza kwenye kuta na mapaa.

Mti huongeza pete moja kila mwaka, nene mvua ikinyesha vizuri, nyembamba kukiwa na ukame. Ukilinganisha mfuatano huo na ule wa miti ambayo miaka yake inajulikana, utaupata mwaka mti ulipokatwa, mradi pete ya mwisho chini ya gome iwe bado ipo. Mvua haiingii pangoni, ndiyo maana boriti zimedumu zaidi ya miaka 700.

Miaka ya 1960 mwanaakiolojia Jeffrey Dean alizichunguza boriti hizi, na matokeo yake yananisisimua hadi leo. Kaya chache zilianza kujenga mwaka 1267 na 1268. Mwaka 1269, na tena 1272, ilikatwa miti ambayo haikujengewa chochote wakati huo, ilihifadhiwa. Ujenzi mkubwa ulikuja kuanza 1275. Dean aliona hapo uhamaji uliopangwa, watangulizi wakiandaa mbao kabla wenzao hawajafika, nami nakubaliana naye kabisa. Huwezi kuwaita watu hao wakimbizi waliojibanza mwambani.

Hata hivyo hawakukaa muda mrefu. Ukame mkali ulianza 1276, makorongo yakachimbika mashambani na maji ya ardhini yakashuka. Kufikia 1300 bonde zima la Tsegi, ambamo Betatakin imo, lilikuwa limehamwa. Lakini tafadhali usiseme "walitoweka": Wahopi, kabila la wenyeji wa asili wa Arizona, ni wazao wao, na baadhi ya koo zao husimulia kwamba zilipitia hapa. Wanavajo, kabila jingine la wenyeji wa asili, wenye ardhi inayoyazunguka magofu haya leo, walifika baadaye.

Kushuka hadi Betatakin ni lazima uongozane na mwelekezi. Keet Seel, kijiji kingine cha kale katika hifadhi hii, ni safari ya kilomita 27 kwenda na kurudi, na hutaruhusiwa bila kibali cha mapema. Usiguse boriti wala kuegemea ukuta. Na angalia saa: majira ya joto Wanavajo husogeza saa mbele, ilhali sehemu kubwa ya Arizona haisogezi, na msafara hautakusubiri.