Kaa wa buluu ana lishe, tusimtupe

Mvuvi wa jarife akimkuta kaa wa buluu wavuni hukunja uso. Kaa huyu hukata nyuzi, hula samaki walionaswa, na kumnasua bila kubanwa kidole kunahitaji subira. Mara nyingi huvunjwa magando akatupwa. Pesa ya kaa katika pwani yetu iko kwa kaa wa mikoko, yule mzito anayesafirishwa hadi China akiwa hai.

Huyu wa buluu, Portunus segnis kwa jina la kitaalamu, ana mwiba mrefu kila upande wa gamba na miguu ya mwisho iliyo bapa kama kafi, maana ni mwogeleaji. Dume ni buluu, jike huelekea kijani na kahawia. Ni mwenyeji wa magharibi mwa Bahari ya Hindi, lakini alipita Mfereji wa Suez na mwaka 1898 alikwisha kuonekana Misri. Alipozagaa katika Ghuba ya Gabès, Tunisia, kuanzia 2014, wavuvi walimbandika jina la "Daesh", yaani lile kundi la kigaidi la Dola la Kiislamu, kwa uharibifu wake. Haikupita miaka mingi viwanda vya huko vikaanza kumgandisha na kumuuza Asia na Ulaya. Nyavu bado anazikata, ila sasa anazilipia.

Gramu 100 za nyama ya kaa wa jamii hii zina protini gramu 18 hivi na mafuta gramu 1 tu. Zinki ni kama miligramu 3.5, karibu theluthi ya mahitaji ya mwanamume kwa siku, na zaidi ya hapo kwa mwanamke. Vitamini B12, ambayo mtu mzima anahitaji maikrogramu 2.4 kwa siku, hutosheka kwa mlo mmoja. Kwa kaya inayoshindia ugali au muhogo na mboga za majani jambo hili lina uzito: B12 haipo kwenye mimea, na zinki ya nafaka haifyonzwi vizuri mwilini kwa sababu ya fitati, kemikali ya asili ya nafaka inayoishikilia. Nyama kidogo ya kaa ikichanganywa kwenye mchicha husaidia kuziba pengo hilo.

Lehemu (kolesteroli) anayo, lakini mafuta yanayoipandisha zaidi katika damu, yale mazito yanayoganda, ni haba mno kwake. Tui zito anamopikwa ndilo la kuangaliwa. Ama kalisi (kalsiamu) inayosifiwa sana, nyingi iko kwenye gamba, na sijaona anayelitafuna.

Ile sehemu laini ya rangi ya haradali chini ya gamba ni tamu, ila ndiko metali nzito kama kadimiamu hurundikana. Wajawazito na watoto waiache. Kaa apikwe akiwa hai au punde tu baada ya kufa, kwani nyama yake huharibika upesi. Aliyekutwa amekufa, hujui tangu lini, si wa kuliwa. Wapo wasiomla kwa sababu za dini. Hilo waulizwe masheikh, si maabara.

Mwenye mzio wa kambamti asimjaribu kabla ya kumwona daktari, kwa sababu protini inayouamsha haiharibiwi na moto. Na jike aliyebeba mayai tumboni arudishwe baharini, hata kama ndiye mnene kuliko wote.